Ufunguo Uko Mbeya

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja alasiri mjini Tukuyu, kwenye kikao cha sisi tunaofanya kazi Mbeya na kurudi huku mwisho wa wiki. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza tu pale nilipojirudia.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, baba zangu, na vijana mliobanana pale mlangoni kwa sababu ya manyunyu: mugonile.

Ndaga. Na wale wa nyuma walioitikia "shikamoo mwalimu" ni wanafunzi wangu wa zamani, nawajua kwa sauti.

Mwenyekiti aliponipigia simu alinitaka nizungumzie maisha ya wikiendi. Nikamwambia, sasa hapo kuna nini cha kuzungumza? Si tunakuja, tunakula ndizi, tunaondoka. Akacheka, akasema, "Basi zungumza hilo hilo." Nimekaa nalo wiki tatu. Nina jambo moja tu la kuwaambia, lakini siwezi kulifikia bila kujianika kwanza, kwa hiyo mnivumilie.

Safari wote tunaijua. Ijumaa jioni umetoka kazini, hujavua hata viatu vya ofisini, uko stendi. Kosta imejaa na konda anaapa kwa jina la mama yake kwamba bado nafasi mbili. Mapajani umepakata sukari, dawa za presha za mzee, koki mpya na kilo ya misumari ya bati. Uyole mnaiacha barabara kuu, mnakunja kulia, mnaanza kupanda. Pale Isyonje ukungu unaingia mpaka ndani ya gari, madirisha yanafungwa, na mtoto wa mtu anaanza kutapika. Mnateremka Isongole, magunia ya viazi yamesimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri usafiri. Kiwira mnasimama, ndizi zinapita dirishani. Kisha chai, kijani kitupu, na mji wetu huo. Ni kilomita kama 70 tu. Siku njema ni saa moja na nusu, na siku ambayo lori limelala kwenye kona, hakuna anayejua.

Sasa nataka tukubaliane kwamba sisi si kama watu wa Dar wanaokimbilia Lushoto. Wenzetu wale wanakimbia joto, wanatafuta blanketi. Sisi Mbeya yenyewe iko juu, mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Mlima Loleza unatupulizia mgongoni. Ukija Tukuyu kwa hakika unashuka. Kwa hiyo hatuji kutafuta baridi, baridi tunayo. Na wala hatuji kupumzika, maana nani kati yenu amewahi kupumzika hapa Jumamosi? Jumamosi ni msiba asubuhi, fundi mchana, kikao jioni. Tunakuja kwa sababu ya udongo huu mweusi uliotokana na Rungwe na Kyejo, milima iliyowahi kutema moto. Tunakuja kwa sababu ya wazee waliobaki na makaburi ya waliotangulia. Na tunakuja kwa sababu tumejenga.

Hapo kwenye kujenga ndipo ninapotaka kukaa.

Mimi nimejenga. Nyumba ya vyumba vitatu, bati la kijani, ukuta wa tofali kuzunguka, geti la chuma. Niliimaliza kwa mkopo na kwa miaka sita ya kutonunua nguo. Nilipoimaliza nilijiona nimerudi nyumbani. Nikawa nakuja Ijumaa, nafungua, nafungua madirisha, na harufu inanipokea mlangoni. Mnaijua harufu ile. Hapa mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na nyumba iliyofungwa siku tano hapa inaanza kuota. Niliwahi kufungua kabati nikakuta viatu vyangu vya kanisani vimeota manyoya ya kijani, laini kabisa, kama vifaranga. Nguo ndiyo usiseme. Unazifua Jumamosi, unazianika kibarazani, na Jumapili unarudi nazo Mbeya mbichi ndani ya mfuko ukazikaushe huko. Mama mmoja kwenye Kosta aliwahi kuniuliza kama nimebeba samaki.

Nyumba inayofungwa siku tano, basi, inaoza kidogo kidogo. Hilo nililijua. Sikujua kwamba uozo huo unaweza kumfikia na jirani.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kipindi ambacho hata hapa kwetu maji yanapungua kwenye vyanzo. Maji yetu upande ule ni ya mserereko, yanatoka tangi la juu kilimani na kushuka kwa bomba moja, na kila nyumba imejiunga kwa mpangilio wa mteremko. Yangu ni ya tatu. Chini yangu kuna nyumba kama tisa. Jumatatu usiku, nadhani ni Jumatatu, kiungo cha bomba ndani ya ua wangu kiliachia. Maji yakaanza kumwagika. Koki ya kufungia niliiweka ndani ya ukuta, karibu na jiko la nje, ili wahuni wasiichezee. Geti limefungwa kufuli. Ufunguo uko Mbeya, kwenye mkoba, juu ya meza, chumba cha walimu.

Jumanne asubuhi nyumba tisa zikaamka hazina maji.

Jirani yangu wa chini ni bibi wa miaka sabini na kitu. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa anayemfuga ndani, na ng'ombe wa maziwa, mnaofuga mnajua, ndoo mbili tatu hazimtoshi. Bibi akapanda mpaka getini kwangu, akasikia maji yanavuma ndani kama mto. Akaita. Alinisimulia mwenyewe baadaye: "Nilikuita, Mwalimu. Nilijua haupo, lakini nilikuita." Akaenda kwa jirani mwingine kuomba namba yangu ya simu. Hana. Akaenda kwa mwingine. Hana. Miaka minne nimejenga pale, nasalimia kila Ijumaa, nagawa mikate ya Mbeya kwa watoto, na mtaa mzima hakuna mtu mwenye namba yangu!

Jumatano akamtuma mjukuu wake aruke ukuta. Kijana wa darasa la sita, mwepesi. Akapanda kwenye mwembe wa jirani, akaweka mkono juu ya ukuta.

Juu ya ukuta nilikuwa nimepanga vipande vya chupa. Si fundi aliyenishauri, ni mimi niliyetaka. Nilikusanya chupa mwenyewe, za kijani na za kahawia, nikamwambia achanganye rangi zipendeze.

Niliwasili Ijumaa saa mbili usiku. Maji yalikuwa yamechimba mfereji kutoka uani mpaka barabarani, yamebeba udongo wote wa bustani. Nikafunga koki. Nikatoka nje, nikamkuta bibi amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, taa ya chemli miguuni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na yule kijana kando yake, kiganja kimefungwa kwa kipande cha khanga. Nyekundu na nyeupe, naikumbuka. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akatoka na sahani ya mbalaga, ndizi zetu za kupikwa, imefunikwa kwa jani, akasema utakuwa na njaa, safari ni ndefu.

Nilikula. Ningefanya nini? Nikala nikiwa nimesimama gizani, na kile kiganja kinanitazama.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya uzuri wa moyo wangu. Nilikuwa nafanya hesabu. Mwaka una siku 365. Mimi nalala hapa Ijumaa na Jumamosi, tuseme wikiendi arobaini, maana nyingine kuna semina, kuna mitihani, kuna harusi za Mbeya. Hizo ni usiku themanini. Usiku zaidi ya mia mbili themanini nyumba yangu inalala peke yake. Anayelala nayo ni bibi. Yeye ndiye anayesikia bati likipigwa na upepo, yeye ndiye anayemfukuza mbuzi wa watu bustanini. Mlinzi wangu ni mtu ambaye sijamlipa, sijamwomba, na nimemwekea chupa ukutani.

Wazee mnisaidie hapa nisipotoshe. Sisi Wanyakyusa zamani hatukujenga kwa ukoo kama wenzetu wengine. Vijana wa rika moja walitoka kwa wazazi wao wakiwa bado wadogo, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko, chakula wakafuata kwa mama zao. Wakikua wanapewa ardhi pamoja, wanaoa pamoja, kijiji chao kinakuwa kijiji kamili. Yaani jirani yako ni mtu mliyekubaliana kuishi naye. Mnalindana ng'ombe, mnalima pamoja, mnakula pamoja. Mzee pale anatikisa kichwa, nimepatia. Leo sisi tumefanya kinyume kabisa. Tumenunua kiwanja kwa mtu, tumepima, tumeweka nguzo, na jirani tumemkuta pale kama tulivyokuta mti. Mti ukitusumbua tunaukata.

Na kukata tumekata kweli. Nilipopata kiwanja changu kilikuwa na migomba. Nikasikia habari za parachichi za Hass, wote tumezisikia, kila harusi kuna mtu anakupigia hesabu za parachichi kwenye kitambaa cha mezani. Nikang'oa migomba, nikapanda miche arobaini. Sina ugomvi na parachichi, zimesomesha watoto hapa Rungwe na zitaendelea. Lakini sikujua kwamba ng'ombe wa bibi alikuwa anakula majani na magogo ya ile migomba. Mwenye kiwanja wa zamani alikuwa anampa, naye bibi anarudisha mbolea na maziwa ya mtoto. Mkataba wa miaka kumi na kitu, hauna karatasi. Mimi nilinunua kiwanja, sikuununua mkataba. Nilikuja kuambiwa baadaye, tena kwa bahati.

Mnamkumbuka yule kima wa msitu wa Mlima Rungwe, kipunji. Wataalamu walimtambua mwaka 2003, dunia nzima ikashangaa, kima mpya karne hii! Wazee wa hapa wakashangaa wenzao wanashangaa nini, maana jina walikuwa nalo. Ukiishi mahali, mambo unayaona. Ukija Jumamosi unaonyeshwa, na unaonyeshwa yale tu mwenyeji aliyokumbuka.

Sasa niseme hili la misiba. Najua litawauma baadhi, na mwenyekiti aliniomba niliseme taratibu. Nitajaribu.

Siku hizi tunazika Jumamosi. Mtu anafariki Jumatatu, mwili unapelekwa chumba cha maiti, na familia inaambiwa tusubiri watoto wa mjini. Watoto wa mjini ni sisi. Jumatatu mpaka Jumamosi, nyumba ile inalisha watu. Kila jioni sufuria liko juu ya moto, kuni zinaisha, mahindi yanaisha, migomba inamalizwa, jogoo wanaisha. Majirani hawaendi shamba. Kisha Jumamosi saa tano tunafika na magari, tumevaa miwani, tunasimama tarumbeta zinapopigwa, tunatoa rambirambi inayosomwa kwa kipaza sauti, saa kumi tuko barabarani. Na tunasema tumezika.

Mimi siko tayari tena mtu asubirishwe kaburi kwa sababu ya ratiba ya vipindi vyangu. Mtoto wa marehemu, sawa, asubiriwe, yuko mbali, hiyo ni haki yake. Lakini shemeji wa binamu? Anayefika Jumamosi akute kaburi limeshafunikwa, akae na wafiwa, aoshe sufuria. Kuna kazi nyingi sana kwenye msiba baada ya kuzika, na huwa hatuijui kwa sababu hatujawahi kuwepo.

Nimesikia mzee anaguna. Namshukuru kwa kuguna.

Sikuja kuwachapa viboko, jamani, na mimi ni mmoja wenu. Simenti inayoingia mji huu, sehemu kubwa tumeileta sisi. Vijana wanaoponda kokoto, mafundi wa bati, mama wa soko anayesubiri Jumamosi ili auze, hawa wanatuhitaji, na wazee wetu wengi wasingemeza dawa kama si ile Kosta ya Ijumaa. Hilo lipo na halibishaniwi. Ninachosema ni kwamba tumezoea kujihesabu kwa tunachobeba. Tulichobeba Ijumaa, sukari na misumari. Tulichobeba Jumapili, ndizi, viazi, maziwa kwenye dumu. Siku tano za katikati hatujawahi kuzihesabu, kana kwamba mji huu Jumatatu unazimwa kama taa, Ijumaa unawashwa.

Tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Jumatano, siku ya mapumziko. Naomba kila mtu ajiulize kimoyomoyo alijiandikisha wapi. Mimi nilijiandikisha Mbeya, kwa sababu ndiko ninakolala siku nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa mtu ambaye hapigi kura hapa, hahudhurii mkutano wa kitongoji kwa sababu unafanyika Jumanne, hajui maji yanagawanywaje, ndiye mwenye ukuta mrefu kuliko wote na ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa barabara isipochongwa. Mkutano uhamie Jumamosi? Hapana. Nililifikiria hilo, nikaona ni yale yale ya msiba, mji mzima ugeuke kutufuata sisi. Jumamosi ya wenyeji ni siku ya kazi, siyo ya kutusubiri.

Nilichofanya mimi ni hiki, na si kikubwa. Wiki iliyofuata nilimwita fundi, akahamisha koki ya maji kuiweka nje ya ukuta, ndani ya kisanduku cha zege, kifuniko hakina kufuli. Miezi minane sasa, hakuna mhuni aliyeichezea. Chupa nilizivunja kwa nyundo mwenyewe, Jumamosi nzima, na yule kijana akawa ananiokotea vipande kwa mkono mmoja, ingawa nilimkataza. Nilikwenda kwa bibi na ufunguo wa geti na wa mlango wa nyuma. Alikataa kuupokea. Alisema kitu kikipotea ataambiwa yeye. Nikarudi tena wiki iliyofuata, akakataa tena. Mara ya tatu aliniuliza, "Na ndani naweza kukausha mahindi?" Nikasema bibi, ndani ni kwako. Akapokea.

Sasa nikija Ijumaa nakuta sebule yangu imetandikwa mahindi ya bibi kwenye turubai, madirisha yako wazi, jiko limewashwa mara mbili tatu ndani ya wiki, na harufu ile ya kuoza imetoka. Viatu havioti. Kuku wake mmoja ametaga nyuma ya kochi, na simfukuzi. Kando ya ukuta nimerudisha migomba kumi na miwili kati ya miche ya parachichi. Mtaalamu wa kilimo aliyepita aliniambia itapunguza mavuno. Inawezekana. Ng'ombe anakula.

Nimeongea kupita muda niliopewa, mwenyekiti anatazama saa na mvua imeanza kuzidi. Pale mlangoni nimeweka daftari lenye jalada la bluu. Lina safu tatu: jina lako, namba yako ya simu, na jina la jirani mwenye ufunguo wako. Asiye na jirani mwenye ufunguo aache safu ya tatu wazi, aijaze wiki ijayo. Daftari halirudi Mbeya, litabaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu kwenye kikao kilichopita kalamu zilisafiri na watu. Na wenye magari, Kosta ya mwisho imeshaondoka, kuna mama wawili hapa mbele wanateremkia Kiwira na mmoja amebeba mtoto, msitoke mkawaacha.